Mimi Si Mengineyo

Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Marehemu Baba.
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi zikiwa bado na joto la mkono wangu. U hali gani? Mgongo je, umeacha kukusumbua? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wanaokataa kula wanaendeleaje? Waambie shangazi yao alikula kila alichowekewa, na leo akifika mlangoni, mlango ndio unaompisha. Mimi ni mzima kabisa, ila goti la kushoto limeanza kuwa na maoni yake. La kulia bado linanitii.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ni nzuri, lakini yangu ikikatika hukatika pale pale penye utamu. Halafu haya nataka uyasome umekaa, uyarudie, na utakapocheka ucheke bila kuhesabiwa dakika. Mwandiko unisamehe. Darasa la sita ndipo nilipoishia, na mwalimu wangu alisema nina akili nyingi, tatizo hazipendi kukaa kwenye mstari.

Ulipotoka kwenye ile semina yenu ya wafanyakazi, uliniuliza maswali mawili. Dada, umejiandaa kustaafu kifedha? Na umejiandaa kimoyo? Nilicheka peke yangu. Nikasema, tazama huyu, kazi yake kutengeneza lifti za watu, sasa anataka kujua kama dada yake amekwama ghorofa ya ngapi. Lakini maswali yalikuwa mazuri na majibu ninayo. Ila majibu yenyewe yamepitia kwa kaka yetu, Mwenyekiti, kwa hiyo vuta kiti.

Kazi yangu unaijua. Hoteli nzima, kuanzia wapishi hadi meneja, wananiita Mama Mvuke, na chumba cha pasi nimekiongoza mimi tangu wewe ukiwa na kaptula. Sijapanda ndege hata ya kuchorwa, lakini dunia yote imepita chini ya pasi yangu. Mawaziri, wanamuziki, mabwana harusi waliokimbia harusi zao. Nimenyoosha suruali ya mtoto wa mfalme mmoja, sitasema wa wapi, iliyochomwa na sigara mahali ambapo mtu hawezi kujichoma mwenyewe. Nikaishona, nikaikunja, nikanyamaza. Siri za watu ninazo kuliko kadhi.

Nianze na swali la moyo, maana ndilo lililonitoa jasho.

Unamkumbuka shoga yangu Mama Vifungo, yule aliyekuwa akishona vifungo vilivyong'oka kwenye nguo za wageni? Yeye alinitangulia kustaafu. Tulimfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani, akaenda zake. Baada ya muda nikaanza kumwona asubuhi kwenye lango la nyuma la hoteli, kabeba mkoba wake, anasema anapita tu. Mlinzi mwanzoni alimwamkia. Baadaye akaacha. Siku moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa mtaro anakagua watu wanaotoka zamu. "Cha tatu kimelegea, baba," anamwambia mpishi mmoja, "njoo nikukazie." Mpishi akapita kama hajasikia.

Niliogopa, mdogo wangu. Mimi niliyewahi kumfukuza mwizi kwa pasi ya moto, niliogopa mkoba ule.

Basi nikachukua likizo nikaifanya mazoezi ya kustaafu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti nikatulia kama picha ya pasipoti. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshapiga pasi mapazia yakiwa yananing'inia dirishani. Kesho yake nikapiga pasi taulo za vyombo. Keshokutwa nikapiga pasi kalenda, kwa sababu ilikuwa imejikunja pembe. Hapo nikavaa viatu nikaenda kwa Mama Vifungo. Nikamwambia, "Shoga, tukiendelea hivi tutakufa huku tumenyooka." Akaniambia, "Mimi sikuchoka kazi. Nilichoka kuulizwa kwa nini nimechelewa."

Hilo ndilo jibu la moyo. Semina yenu ingeniambia nitafute jambo la kunichangamsha, sijui kupanda maua. Kumbe moyo wangu haukuwa unaipenda hoteli, ulikuwa unapenda mvuke. Tukaamua sisi wawili kwamba tutakachostaafu ni mabosi. Kazi tutahama nayo.

Kwa upande wa fedha nilikuwa nimeanza zamani bila kujua jina lake. Sisi wa chumba cha kufulia tulikuwa na upatu wetu. Zamu ya mwenzangu ikifika, ananunua sofa. Yangu ikifika, nanunua pasi. Hoteli ikitupa mashine iliyochoka, mimi naenda kwa mkuu wa vifaa nainunua kwa bei ya chuma chakavu, fundi anaifufua, inaenda kulala chini ya kitanda cha Mama Vifungo. Yule mama amelala juu ya karakana miaka mingi na hajalalamika, ila ubavu.

Na wakati wa kuandika mafao ulipofika, binti wa ofisini akaniuliza kama nataka kiinua mgongo kikubwa kwa mpigo, au kidogo halafu pensheni ya kila mwezi. Nikamwambia, "Niandikie ya kila mwezi, mwanangu. Pesa nyingi za mpigo ni kama mgeni mwenye masanduku, ndugu wote hukimbilia kumpokea." Akacheka, akaandika. Siri hiyo tulibaki nayo watatu, mimi, yeye na Mungu.

Sasa njoo kwa Mwenyekiti.

Wewe ulikuwa umeshaondoka alipostaafu kule ghalani. Alichukua chake chote kwa mpigo, akanunua pikapu, akapiga hema, akaita watu. Suti aliyovaa niliinyoosha mimi asubuhi ile, mistari ya suruali ungeweza kukatia mkate. Akasimama kushukuru. Alimshukuru bosi, akamshukuru dereva, akamshukuru mpaka jirani aliyetuazima viti. Mwisho akasema, "Na dada yetu huyu wa mapasi, joto limemla akili, lakini mikono bado ipo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimebeba trei ya glasi na sikuwa na mkono wa kujifutia uso.

Pikapu ile leo kuku wanataga ndani. Pesa zilimwisha kabla hata hema halijakauka. Nikawalipia watoto wake ada, nikawanunulia viatu, na hata siku moja sikumwambia neno. Lakini kunyamaza si kusahau, mdogo wangu. Mimi huweka kisasi kama shuka safi. Kimekunjwa, kimepangwa, na najua kiko rafu ipi.

Mwezi mmoja kabla sijaondoka kazini, fundi seremala alibisha hodi pale nilipokuwa nimepanga chumba. Kijana mpole, penseli sikioni, futikamba mkononi.

"Mama, nimetumwa kupima kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Cha dada anayestaafu. Kitaingia chumba cha uani, pamoja na cha bibi."

"Bibi yupi?"

"Mama mkwe wa mzee. Nimeambiwa dada ndiye atakayekuwa anamgeuza."

"Anamgeuza kuwa nini?"

"Hapana, mama, anamgeuza kitandani. Bibi hawezi kujigeuza."

Nikamkaribisha, nikampa chai, na fundi akipewa chai huwa hana kizuizi. Nikayapata yote. Kaka alikuwa ameshafanya kikao cha familia kunihusu mimi bila mimi. Kiinua mgongo changu kilikuwa kimeshagawanywa kama nyama ya mnyama ambaye bado anakula majani. Bati jipya la nyumba nzima. Gari la biashara kwa mwanawe mkubwa. Na kinachobaki kingeingia kwenye mfuko wa familia, na mfuko wenyewe uko kiunoni kwa Mwenyekiti. Mimi ningepata kitanda uani, na kabati la fundi huyu katikati kunitenga na bibi ili kila mtu awe na faragha yake. Kisa? Mimi mjane, sina mtoto wa kuzaa, kwa hiyo pesa zangu hazina mwenyewe.

Nielewe vizuri. Yule bibi sina ugomvi naye. Ningeombwa, ningemgeuza bure na kumwimbia juu yake. Lakini sikuombwa. Nilipimwa.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wananisema mimi, na mimi kazi yangu ni nguo!

Nikamuuliza fundi, "Hilo kabati nani amelipia?"

"Mzee ameshanilipa lote. Kodi ya kinyozi wa chumba cha mbele."

Kodi ya kinyozi! Ile ambayo Baba alisema, mbele ya Baba Mdogo na majirani, kwamba ni ya watoto wake watatu sawasawa. Wewe umewahi kuiona? Mimi nimewahi kuisikia tu, kama radi ya mbali.

"Na vipimo amekupa?"

"Hapana. Alisema vipimo nitapewa na dada mwenyewe, nifuate atakavyosema, asije akanung'unika baadaye."

Mdogo wangu, kuna wakati Mungu humletea mtu mkate, siagi, na kisu juu yake. Nikamwambia, "Basi andika." Nikampa urefu wa watu watatu kusimama bega kwa bega bila kugombana viwiko. Nikampa kimo cha kiuno changu. Miguu minene, mbao ngumu, na juu ipigwe blanketi, kisha turubai.

Akaandika, akakuna kichwa. "Mama, hili kabati mbona limelala?"

"Ndiyo mtindo wa sasa."

"Na milango?"

"Haina haja. Sina cha kuficha."

Akaenda zake. Halafu nikaenda kumwona kinyozi, nikakuta naye ameshachoka. Dari linavuja juu ya vichwa vya wateja, na Mwenyekiti kila siku anataka kodi ya mwezi ambao bado haujazaliwa. Alikuwa ameshapata chumba ng'ambo ya barabara. Nikamwomba anipe mimi ufunguo, na aondoke kimya kimya siku nitakayomwambia. Akasema, "Mama, kwa hilo nitakunyoa bure." Nikamwambia asante, hizi chache zilizobaki nina mipango nazo.

Siku ya mwisho hotelini wenzangu walinifanyia ile desturi yetu. Anayestaafu haruhusiwi kugusa pasi. Anakaa kwenye kiti katikati ya chumba, na wote wanapokezana kuinyoosha nguo atakayoondoka nayo, kila mmoja kipande chake. Mmoja alinyoosha mkono vibaya, kosa la waziwazi, na mimi nikaona, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipolia. Wakadhani nalia kwa huzuni.

Jumamosi iliyofuata nikaitwa kwa Mwenyekiti. Nikavaa nguo ile ile, mkono mmoja umekunjamana. Alikuwepo Baba Mdogo, wifi mke wa Kaka, na yule kijana wa gari akiwa tayari na miwani ya jua ndani ya nyumba. Kaka amekaa kwenye kiti cha Baba, kashika karatasi, anakohoa kikohozi cha uenyekiti.

"Ajenda ya kwanza, bati. Ajenda ya pili, chombo cha usafiri. Ajenda ya tatu, mfuko wa familia."

Nikanyoosha mkono. "Kaka, na mimi niko ajenda ya ngapi?"

Akatazama karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Wewe uko kwenye Mengineyo."

Baba Mdogo akapaliwa na chai.

Akasoma bati, akasoma gari, akausifu mfuko wa familia mpaka ukawa kama mtoto wake. Akasema dada sasa atapumzika, atalelewa, hatapata shida tena. Kijana akawa anapiga makofi peke yake. Hatimaye Mwenyekiti akasema, "Sasa tuingie kwenye Mengineyo," na mimi nikasimama.

Nikasema, "Kwanza niwapunguzie mzigo. Pesa mliyoigawa haipo. Nimeiandikisha ije kila mwezi, kidogo kidogo, hadi nife. Mkiitaka yote, niombeeni maisha marefu." Kijana akavua miwani. "Pili, kile kidogo nilichopewa nimemalizia mashine zangu. Tatu, hii nyumba ni ya watoto watatu, si kweli, Baba Mdogo?"

Baba Mdogo akaweka kikombe chini. "Kaka yangu alilisema hilo nami nimekaa pale alipokaa huyu. Sawasawa, alisema. Hata jikoni."

"Basi chumba cha mbele nakichukua mimi kuwa fungu langu. Ufunguo huu hapa."

Kaka akaruka. "Kuna kinyozi mle!"

"Yuko ng'ambo ya barabara. Mchungulie dirishani, anakupungia."

Na kweli, alikuwa anapunga.

Hapo hapo, kama nilivyopanga, mkokoteni ukafika. Fundi na wenzake wakashusha lile kabati lililolala, meza ndefu kama mahubiri. Kaka akatoka nje. "Hii nini?"

"Kabati la dada, mzee. Ulisema nifuate vipimo vyake."

"Kabati gani hili?"

"Nimeambiwa ndiyo mtindo wa sasa."

Lilijaribiwa uani, halikupita hata kwenye lango la ua. Mlango wa mbele liliingia kama limezaliwa mle. Baba Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti akasema, "Unaivunja familia." Nikamwambia, "Kaka, joto limenila akili, lakini mikono bado ipo." Nilisema polepole, neno moja moja, kama nilivyolisikia. Uso wake niliuona ukikumbuka. Mdogo wangu, nimevuta hewa nyingi nzuri maishani, lakini ile niliyoivuta pale sijui niifananishe na nini. Wanasema hasira hasara. Yangu imenipa meza, na kwa kuwa ililipiwa kwa kodi ya sisi watatu, jua kwamba na wewe una mguu mmoja pale na ubao kidogo.

Nilidhani kisasi kimeishia hapo. Kumbe kilikuwa kinachukua pumzi.

Kesho yake asubuhi mimi na Mama Vifungo tunapanga pasi, wifi akaja akasimama mlangoni. Nikajiandaa kwa matusi, hata nikachagua langu la kuanzia. Alikuwa ameshika aproni. Akaniuliza, "Wifi, wewe umestaafu. Huyu wa kwangu alistaafu. Mimi nastaafu lini?"

Nikamvutia kiti.

Akasema, "Alipostaafu yeye, kazi yangu iliongezeka. Anakuwa nyumbani mchana kutwa, chai asubuhi, chai saa nne, chai ya kusubiri chai. Kile kitanda cha uani mimi ndiye niliyekiomba. Sikutaka pesa zako. Nilitaka mtu wa kunisaidia kumgeuza mama yangu, nikashindwa kukuambia, yeye akalifanya ajenda."

Nilikuwa nimemweka kwenye hesabu ya watu wa kulipizwa, tena karibu na juu. Nikamtoa. Nikamwambia avae aproni, na tangu siku ile sisi ni watatu na tunagawana kwa watatu. Ana mkono mwepesi kwenye kola, ila anaogopa mvuke. Atazoea.

Na bibi? Nilipata hotelini kiti cha magurudumu kilichokuwa kinatupwa, fundi wangu akakifufua. Yule kijana aliyekuwa anangoja gari sasa ana cha kuendesha. Anamleta bibi yake chumba cha mbele asubuhi, anamrudisha jioni, na katikati bibi anatukunjia leso na kututukana tukizikoroga. Mdomo wake hauhitaji kugeuzwa na mtu.

Mwenyekiti sasa anajipikia chai. Nimemsikia akiuliza ukuta sukari iko wapi.

Wiki iliyopita alikuja na shati jeupe, alikuwa na mwaliko wa msiba wa mkubwa mmoja. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Akapita mbele akaliweka mezani. Nikamwambia, "Foleni, mzee wangu."

"Mimi mwenye nyumba!"

"Theluthi moja," nikamjibu. Basi nikalichukua lile shati, nikalinyoosha vizuri kabisa, kola, bega na mkono mmoja, nikamrudishia. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo sehemu yako, haina malipo. Iliyobaki ni yangu na ya mdogo wetu, lipa kama wengine." Hakulipa. Alivaa hivyo hivyo akafunga koti juu, kwenye lile jua, na nimeambiwa na watu waliokuwepo kwamba mazishi yote hakulivua. Nikaona nimesamehe kidogo. Kidogo tu.

Sasa, mdogo wangu, shida yangu kwako.

Kaka atakuandikia, au ameshakuandikia. Atalia. Atasema nimemwibia mke, nimemfukuza mpangaji, nimemdhalilisha mbele ya fundi. Na yote ni kweli. Atakuambia chumba cha mbele kirudi kwa mpangaji wa kulipa kodi, na kwamba safari hii fungu lako atakutumia. Ukimkubalia, ninyi ni theluthi mbili na mimi moja, na Baba Mdogo ameshasema nyinyi wawili mkiwa pamoja yeye hawezi kubishana na hesabu. Nitafunga meza yangu nitoke. Sitagombana na wewe, naapa. Nimebishana na dunia nzima lakini wewe nilikubeba mgongoni.

Ila ujue kinachotoka. Pensheni yangu pekee inatosha kula na kulipa chumba cha kupanga. Haitoshi kupanga duka. Nikitoka hapa mashine zinarudi chini ya kitanda, Mama Vifungo anarudi langoni, wifi anarudi kwenye chai ya kusubiri chai, na mimi nitaanza kupiga pasi kalenda. Uzee wangu wote uko kwenye chumba hiki, na chumba hiki kina mlango mmoja, na mlango huo umeushika wewe.

Na wewe huko usijidanganye kwamba u kijana. Semina yenu ilisema kweli. Anza leo, weka kidogo, usimwambie mtu mwenye kikohozi cha uenyekiti. Tafuta kitu mikono yako itakachokililia siku utakaponyang'anywa, ukinunue kabla hawajakunyang'anya.

Jibu lako usiniletee mimi. Mpigie yeye. Piga saa ya chai ya asubuhi, wakati wifi na mimi tumeshafungua, ili apokee akiwa peke yake kwenye kiti cha Baba. Umwambie kwa sauti yako mwenyewe utakavyoamua. Mimi sitauliza. Akimaliza kuongea na wewe lazima atoke nje apate hewa, na akitoka lazima apite mbele ya dirisha langu. Nitakuwa nimesimama pale na pasi mkononi. Nitalisoma jibu lako usoni mwake.

Nisalimie wifi yangu wa huko, umwambie shati lako la picha ile mliyonitumia nimeliona, na simlaumu, najua ulilinyoosha wewe. Wasalimie watoto, kila mmoja kwenye paji la uso. Wanakusalimu Mama Vifungo, wifi, bibi na matusi yake, Baba Mdogo ambaye bado anacheka, na kijana, ambaye anaanza kuwa mtu. Mwenyekiti hajatuma salamu, lakini kwa sababu ni kaka yako nakutilia theluthi yake humu.

Mungu akutunze huko ugenini, akupe mgongo ulionyooka na uzee wenye kazi uipendayo na bosi asiyekuwepo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatalia,

Mama Mvuke